Bibi wa Mbare na Ugonjwa wa Mawazo

Kiswahili kina neno dogo linalobebeshwa mzigo mkubwa: mawazo. Mtu anakonda, usingizi unamkimbia, chai inapoa mbele yake hajaigusa. Ukimuuliza jirani kulikoni, atainama akujibu kwa sauti ya chini, "Ana mawazo." Mjadala unaishia hapo. Mawazo ya nini, yameanza lini, yameingilia mlango upi, hayo hayaulizwi, kwa sababu kuuliza ni kuchokonoa, na mtu mzima hachokonolewi.

Shangazi yangu aliambiwa ana mawazo kwa mwaka mzima. Ni fundi cherehani, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na mwaka ule kicheko kile kilizimika. Tulimpeleka hospitali moja jijini Dar es Salaam. Tulikaa foleni tangu alfajiri, na zamu yetu ilipofika daktari alimtazama kwa muda wa kuandika jina na umri wake, akamwandikia vidonge vya usingizi, akaita mwingine. Simlaumu sana yule kijana. Nje kulikuwa na watu wasiopungua sitini. Tukarudi nyumbani. Shangazi akaombewa kanisani, majirani Waislamu nao wakamsomea dua, na wote walikuwa na nia njema. Vidonge vilimpa usingizi wa saa nne, na akiamka, yale aliyolala nayo yalikuwa yamekaa kitako yanamsubiri.

Ndipo nilipoanza kufuatilia habari za mabibi wa Mbare, wanaowasikiliza wenye mawazo kwenye benchi.

Mbare ni mtaa mkongwe wa Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Ichukue Kariakoo, uichanganye na Manzese, katikati uweke stendi ya mabasi ya mikoani, utakuwa umeikaribia. Soko lake, Mbare Musika, linalisha sehemu kubwa ya jiji, na nyuma yake watu wamebanana katika vyumba vilivyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya vibarua wanaume waliotakiwa kuishi peke yao bila familia. Hapo ndipo neno letu la mawazo lina ndugu yake. Kwa Kishona wanaliita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kuwaza mpaka akili inazunguka palepale kama ng'ombe wa kinu. Mgonjwa wa Mbare hafiki zahanati akasema ana sonona. Anasema anafungisisa, na kila anayemsikia anaelewa.

Mwezi Mei mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilianza operesheni iliyopewa jina la Murambatsvina, neno lenye maana ya kukataa uchafu. Matingatinga na askari waliingia mitaa ya maskini katika miji ya nchi hiyo na kubomoa nyumba, mabanda ya uani, vibanda vya biashara na karakana. Serikali ilisema inasafisha miji na kuondoa ujenzi usio halali. Ilikuwa kuelekea majira ya baridi, na baridi ya Harare mwezi Juni si ya mzaha kwa mtu anayelala nje na watoto. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania mwenzetu, Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo akiwa mkuu wa UN-Habitat, aende akajionee. Ripoti yake ilitoka Julai mwaka huo. Ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walikuwa wamepoteza makazi, riziki, au vyote viwili, na wengine milioni 2.4 wameguswa kwa namna moja au nyingine.

Ninaitaja operesheni hiyo kwa urefu kwa sababu bila hiyo habari ya mabibi inageuka ngano tamu ya vikongwe wenye huruma, na mimi sitaki isomwe hivyo. Waliokuja kuketi kwenye benchi la Mbare hawakuwa wagonjwa wa kitu kilichozaliwa vichwani mwao tu. Walikuwa watu waliovunjiwa paa, waliopoteza meza ya kuuzia nyanya, waliorudi kijijini wasikokuwa na shamba kisha wakarudi tena mjini wasikokuwa na chumba. Daktari anayemtazama mtu wa namna hiyo na kuona fomu ya dalili peke yake hajamwona.

Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, ambao wakati ule nchi nzima walikuwa kama dazeni moja tu. Alifanya kazi hospitalini Harare, na wagonjwa walimfuata huko. Mwaka huohuo wa 2005 alimpoteza msichana aliyekuwa akimtibu. Alipata taarifa kwamba binti huyo amejaribu kujiua, wakakubaliana na familia kwamba akipata nafuu mama yake amlete Harare. Daktari akasubiri. Hawakutokea. Wiki chache baadaye mama alipiga simu kumwambia kwamba binti yake amejiua. Alipouliza kwa nini hawakuja kama walivyopatana, jibu alilopewa ndilo ambalo amelisimulia mbele ya watu mara nyingi tangu hapo: hawakuwa na dola 15 za nauli ya basi.

Ningependa kila anayesomea kazi ya kushauri akae na jibu hilo kwa muda. Miaka yote ya chuo, vitabu vyote, dawa kabatini, na daktari mwenyewe yupo tayari kiti kimevutwa, lakini kati yake na mgonjwa pana nauli. Chibanda angeweza kusema nauli si fani yake. Wengi wetu ndivyo tungesema. Yeye alifikia uamuzi kwamba tiba inayomsubiri mgonjwa mwisho wa safari ya basi haijakamilika, na kwamba lazima itoke hospitalini iende mahali anapochotea maji na kununua mboga.

Mwaka 2006 akaenda Mbare. Hakupewa chumba, kwa kuwa zahanati ilikuwa imejaa. Hakupewa wauguzi, kwa kuwa waliokuwapo walizidiwa na kazi. Alichopewa ni bibi 14. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, mtaani wakijulikana kama Ambuya Utano, yaani bibi wa afya, wanawake waliokuwa wamezunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi wakifundisha usafi na chanjo na kuwatazama wagonjwa wa UKIMWI. Wengi hawakuwa na elimu kubwa ya darasani. Yeye alifika na maneno yake ya kitaalamu na jina alilolibuni mwenyewe, benchi la afya ya akili.

Mabibi walimkatalia. Walimwambia hakuna mtu wa Mbare atakayekubali kuonekana ameketi hapo. Tunaelewa sana jambo hilo huku kwetu, ambako kutamka tu Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, kumekuwa tusi la vijana mitaani, kama ilivyo Mathari kwa watu wa Nairobi. Mabibi wakalipa benchi jina la Chigaro Chekupanamazano. Chigaro ni kiti. Kupana hakuhitaji mkalimani kwa Mswahili. Mazano ni mashauri. Kiti cha kupeana mashauri, basi, na kwa jina hilo mtu yeyote anaweza kuketi bila kujivunjia heshima, hata mchungaji, hata mwalimu mkuu. Kimataifa likaja kujulikana kama Benchi la Urafiki.

Daktari aliyekubali kusahihishwa na bibi asiye na elimu kubwa ya darasani ameshaanza kutibu. Ninaamini hivyo kabisa. Frantz Fanon, naye daktari wa magonjwa ya akili, alipita njia hiyo miaka zaidi ya hamsini kabla yake. Alipofika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria, mwaka 1953, aliwaletea wagonjwa shughuli za pamoja alizojifunza Ufaransa. Wanawake wa Kizungu walichangamka. Wanaume Waislamu walikaa kimya vilevile. Badala ya kuwaita wagumu, Fanon alitambua kwamba kosa ni lake, akafungua mkahawa wa kahawa wa mtindo wa kwao, akaadhimisha sikukuu zao, akaleta msimuliaji hadithi. Mwaka 1956 alijiuzulu kwa kuona kwamba haiwezekani kumrudishia mtu akili yake ndani ya utawala unaomnyima utu kila siku. Na kule Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwapangishia wagonjwa wa hospitali ya akili ya Aro vyumba katika vijiji vya jirani, waende na ndugu zao, wapike na kula na kulala katikati ya watu. Sisi Waafrika tuna babu wengi katika fani hii kuliko tunavyofundishwa.

Turudi benchini, maana hapo ndipo penye utamu wake.

Benchi lenyewe ni la mbao, la watu wawili, watatu wakibanana. Linawekwa nje ya zahanati, chini ya mti, mahali ambapo anayepita anaona watu wawili wanaongea lakini hasikii wanachosema. Viti havitazamani kama vya ofisini, ambako meza inakaa katikati kama hakimu. Mnaketi bega kwa bega. Aliyewahi kukaa barazani Unguja, kwenye ule ukingo wa chokaa mbele ya nyumba, anajua kwamba maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi macho yakiwa yanatazama njia.

Kwanza bibi ana maswali 14. Yalitungwa Harare katika miaka ya 1990 na watafiti, mmoja wao Vikram Patel, daktari kutoka India, ambao walikwenda kwa wagonjwa, wauguzi na waganga wa jadi kusikiliza watu wanavyoyasema mateso yao kwa lugha yao wenyewe. Kwa hiyo maswali hayo yanasikika kama mtu anaulizwa na jirani. Je, wiki hii kuna wakati uliwaza sana, au ukawaza mambo mengi kwa mpigo? Ulikosa usingizi? Ulikasirikia mambo madogo? Tumbo lilikuuma? Maisha yalikuwa magumu kiasi cha kulia, au kutamani kulia? Kazi zako zilikuwa zinalala? Unajibu ndiyo au hapana. Moja ya maswali hayo linauliza waziwazi kama ulijisikia kutaka kujiua. Kwetu swali hilo huogopwa, tukidhani kulitamka ni kumwonyesha mtu njia. Sivyo. Wataalamu wamelichunguza sana jambo hili: kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana, na aliyekuwa nalo mara nyingi hupumua, kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, bibi habaki naye peke yake. Anampeleka kwa msimamizi, na msimamizi kwa daktari. Benchi halishindani na hospitali, na mwenye ugonjwa mzito wa akili anahitaji hospitali.

Tuseme sasa ameketi mama mmoja, wa mfano tu, mwenye watoto watatu. Ameulizwa, amejibu ndiyo mara 11. Bibi anaiweka fomu pembeni na kumwambia aeleze. Mama anaanza na tumbo, kwa sababu tumbo halina aibu. Bibi anasikiliza tumbo. Kimya kinapita. Bibi hakimalizi kile kimya kwa kusema "pole, yatakwisha". Anakiacha kikae. Halafu yanatoka mengine: mume ameondoka, hajulikani yuko wapi. Kodi ya miezi miwili. Mtoto wa kati amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Yeye mwenyewe ana virusi vya UKIMWI na ameacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu dada wa mume humkuta pale kliniki. Hatua hii mabibi wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra.

Hapo ndipo penye mtihani wa bibi. Moyoni ana majibu ya yote manne. Amezaa, amefiwa, ameachwa, amelea wajukuu wa marehemu. Lakini amefundishwa kuyafunga majibu yake kwenye pindo la nguo na kuuliza swali moja: katika haya yote, tuanzie lipi? Mama anafikiri. Anasema ada. Bibi pengine angeanza na dawa. Hata hivyo wanaanza na ada. Wanatafuta njia pamoja, hata zile za kuchekesha, kisha wanachagua moja inayowezekana wiki hii: Jumanne asubuhi, kabla ya kengele, kumfuata mwalimu mkuu kuomba kulipa kidogo kidogo. Wanapanga atasema nini. Wanapanga nani atabaki na mdogo nyumbani. Hiyo ni kusimudzira, kuinua. Wiki inayofuata mama anarudi na kusimulia ilivyokwenda, na kama mwalimu alikataa wanaanza upya bila kulaumiana. Baada ya vikao kama sita, hatua ya kuimarisha, kusimbisa, inakuwa imeshika, na mara nyingi lile suala la dawa mama amelileta mwenyewe.

Ukilitazama kwa haraka utasema hakuna tiba hapa, ni mazungumzo ya kawaida. Ninaomba utazame tena. Mtu anayefungisisa, matatizo yake yameshikana kama uzi uliochezewa na paka. Haoni ncha. Kumtafutia ncha moja, iliyo ndogo kabisa, halafu akaivuta yeye kwa mkono wake, ni kumrudishia kitu ambacho tingatinga lilimnyang'anya siku ile pamoja na paa: imani kwamba anachoamua leo kinaweza kubadili kesho yake. Njia hii wataalamu wanaijua vizuri, ni tiba ya kutatua matatizo, na mabibi hawakuibuni wao. Walichokifanya ni kuipa lugha, mti na mwendo wa watu wa Mbare.

Nina neno hapa kwetu. Pwani yetu imejaa wanawake wa kushauri. Tuna kungwi, tuna somo, tuna bibi mzaa mama, tuna mashangazi wa vikao vya harusi. Nimelelewa nao na ninawaheshimu. Lakini tusifichane: ushauri wao mwingi una neno moja, vumilia. Mume anapiga, vumilia. Mawifi wanasema, vumilia. Huna kazi, Mungu yupo, vumilia. Nimewaona wanawake wakitoka vikaoni wamebebeshwa uvumilivu juu ya mizigo waliyoingia nayo. Kinachomtofautisha bibi wa Mbare na hawa ni mafunzo ya siku chache tu ya kuzuia ulimi, na nidhamu ya kuyafuata kila siku. Bibi zetu wanaweza kujifunza hayo. Hekima ya kusikiliza wanayo tayari. Wamekosa mtu wa kuwaambia kwamba kusikiliza peke yake kunahesabika kuwa kazi.

Vikao vikiisha mtu haachwi peke yake njiani. Anakaribishwa kwenye duara la wenzake waliopita benchi hilohilo, linaloitwa Kubatana Tose, kushikana pamoja. Wanaketi chini, wanazungumza, na mikono inafanya kazi: wanafuma mikoba kwa nyuzi za mifuko ya plastiki iliyotumika, mikoba ya kuuza. Napenda sana busara iliyomo. Anayeona aibu kusema ana pa kutazama, ana uzi mkononi, na jioni ana kitu kinachoweza kumpatia senti. Yale maumivu yaliyotokana na kukosa riziki yanatibiwa mahali ambapo riziki kidogo inapatikana.

Je, inafanya kazi? Chibanda alijua kwamba wenzake hospitalini wasingekubali kwa hadithi peke yake. Kwa hiyo yeye na wenzake walifanya utafiti katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573. Zahanati 12 zilitoa benchi na bibi, na 12 nyingine zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo kwa maelezo na rufaa. Wengi wa washiriki walikuwa wanawake, na kama wanne katika kila kumi walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona upande wa mabibi walikuwa asilimia 13.7. Upande wa pili walikuwa asilimia 49.9. Nilipozisoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilirudia kusoma kichwa cha jedwali, nikidhani nimechanganya safu.

Tangu hapo benchi limesafiri. Limefika Malawi, limefika Zanzibar, limeigwa New York kwa mabenchi yao ya rangi ya machungwa. Wakati wa Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 yaliwekwa mabenchi 32, moja kwa kila nchi iliyoshiriki, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ninafurahi kwamba safari hii elimu imetoka mtaa wa soko la Harare kwenda kwa matajiri. Ila kuna jambo linanitia hofu. Benchi linapigwa picha vizuri. Mbao, mti, bibi mwenye tabasamu. Ni rahisi serikali, au mfadhili, kuweka benchi mahali palipotakiwa kuwekwa daktari, kisha kupiga makofi. Ni rahisi zaidi kuweka benchi mbele ya nyumba zilizobomolewa na kuwafundisha wenyewe kutatua tatizo lao hatua kwa hatua, huku aliyebomoa akiendelea na safari yake.

Mshauri mwenye kuijali jamii ana kazi mbili, na moja haifuti nyingine. Benchini, anamsaidia mama kupata ncha ya uzi. Nje ya benchi, anahesabu. Akiwa amesikiliza watu hamsini katika mwezi mmoja, na thelathini kati yao wamelala macho kwa sababu ya mkopeshaji yuleyule au mwenye nyumba yuleyule, huo si ugonjwa wa watu thelathini tena. Bila kutaja jina la mtu wala kuvunja siri ya yeyote, ana ushahidi ambao diwani na mkuu wa wilaya hawana. Anayekaa nao kimya ameitumia nusu tu ya taaluma yake.

Na bibi mwenyewe? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bibi anasikilizwa kwa sababu amekilalia. Ana miaka sitini na ushei, amebeba kilio cha wengine tangu asubuhi, jioni ana wajukuu wa kulisha. Tumezoea kuichukua kazi ya wanawake wazee kama maji ya mvua, yanatoka juu, hayalipiwi. Kama kusikiliza kwake kunaponya kiasi hicho, apewe posho inayoeleweka, apate siku ya kupumzika, naye awe na mtu wa kumsikiliza. Tukishindwa hapo, tutakuwa tumeuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Shangazi yangu hakuketi kwenye benchi lolote. Jumapili moja mchana nilikwenda kwake nikamkuta uani, kwenye mkeka, anachambua mchele. Nikaketi ubavuni kwake, si mbele yake, nikavuta ungo upande wangu, tukachambua wote. Sikuwa na mafunzo ya siku hata moja. Nilikuwa na lile swali lisiloulizwa tu, na nililisubirisha mpaka mchele ukabaki nusu.

"Shangazi, mwaka mzima tunakuambia una mawazo. Sijawahi kukuuliza ni ya nini."

Alichambua punje kumi nzima, nilizihesabu. Kisha akasema alikopa. Alichukua mkopo wa kausha damu, laki tatu, kumlipia mwanawe fomu na nauli ya chuo. Marejesho ni kila wiki. Wiki alizokosa, riba ikazaa. Wakaja siku moja saa nne asubuhi, vijana wawili kwenye bodaboda, wakabeba cherehani mbele ya wateja. Ile Singer nyeusi aliyoachiwa na mama yake. Alitwambia ameipeleka kwa fundi. Tulimwamini, na hakuna aliyeuliza fundi yupi. Huyo ndiye aliyekuwa anameza vidonge vya usingizi: fundi asiye na cherehani, anayedaiwa, mwenye nguo za watu ndani, anayejificha anaposikia pikipiki.

Kulikuwa na mengine, na aliyataja: deni lililobaki, vitambaa vya wateja, aibu kwa majirani walioona, kijana chuoni ambaye hajui lolote. Nilitaka kusema mengi. Kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu, nimeshaitisha kikao cha ukoo, nimeshamfokea mtu. Nikashika ungo kwa mikono miwili.

"Sasa tuanzie lipi?"

Nilidhani atasema deni. Shangazi alinitazama, kwa mara ya kwanza siku ile, akafuta mikono kwenye kanga.

"Kuna gauni la ubatizo la mtoto wa mama Neema," alisema. "Nimelikata tangu Machi. Nitafutie cherehani ya kuazima, hata kwa siku mbili."